Ukichagua Springi, Itazame Kwanza Njia Yako



Wasomaji wapenzi, juma hili nataka kuzungumza nanyi habari za springi za motokaa. Najua wapo watakaosema, "Karani wetu ameishiwa na maneno. Sisi tuna ng'ombe, punda na mahindi, yeye anatuletea springi." Ngojeni kidogo. Siku hizi katika vijiji vyetu vya Mbulu na Hanang ni koo chache zisizo na kijana mwenye gari, au anayeweka akiba ili anunue. Na gari hilo likiisha kuingia uani, si lake peke yake. Ndilo litakalompeleka mgonjwa hospitali, ndilo litakalomleta bibi arusi kanisani, na siku ikifika, ndilo litakalobeba jeneza. Basi habari ya springi zake ni habari ya nyumba nzima.

Nitaanza na jambo lililotokea karibu nasi. Mwenye jambo ameniruhusu kulisimulia, mradi nisitaje jina lake.

Ilikuwa juma la Noeli. Kijana mmoja afanyaye kazi Arusha alirudi nyumbani na gari dogo la Kijapani, jeupe, safi kama kikombe kipya. Alikuwa amelishusha chini. Bampa la mbele lilikaribia ardhi hata kuku asingeweza kupita chini yake. Baada ya Misa vijana walilizunguka, na wazee nao wakalitazama. Mimi pia nililisifu. Nasema hivyo ili mjue kwamba siandiki haya kwa kumhukumu mtu.

Usiku wa tatu, mvua ikinyesha, mama yake alishikwa na maumivu makali ya tumbo. Wakampakia garini, wakashika njia ya hospitali. Ninyi mnazijua njia zetu wakati wa mvua. Malori yamechimba mifereji miwili, na katikati kumebaki kigongo cha udongo na mawe. Kabla hawajafika barabara kuu, gari lilipanda juu ya kigongo kile likakaa kama kuku aliyeatamia mayai. Magurudumu yalizunguka bure. Kijana alipojaribu kulisukuma mbele kwa nguvu, jiwe lilitoboa sampu, yaani lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Oili yote ikamwagika, injini ikazimwa.

Majirani wakaja na taa. Wakatengeneza machela kwa blanketi na miti, wakambeba mama yule mpaka mahali ambapo gari la parokia liliweza kuwapokea. Walichelewa kwa muda wa saa tatu hivi. Alifika hospitali alfajiri, akapasuliwa, na kwa rehema za Mungu akapona. Baba yake yule kijana ni mtu asiye na maneno mengi. Usiku ule alisema neno moja tu: "Hata mkokoteni wa ng'ombe ungefika."

Baada ya sikukuu ya Epifania kijana alikuja ofisini kwangu akaketi bencini. Akasema, "Kaka, nimewakosea wazazi wangu. Sasa nataka kulitengeneza gari. Wengine wananiambia nilirudishe lilivyokuwa, wengine wananiambia nilinyanyue juu kama zile Noah zinazobeba abiria huku kwetu. Nifanye lipi?"

Mimi si fundi. Lakini gari la parokia limenifundisha mengi, maana risiti zake zote hupita mezani pangu, nami sipendi kulipia kitu nisichokielewa. Kwa hiyo nimewauliza mafundi maswali mengi kwa miaka mingi. Haya ndiyo niliyomwambia.

Kwanza tuelewe springi inafanya kazi gani. Mtazame mama anayetoka kisimani na ndoo ya maji kichwani. Njia ina mashimo, lakini maji hayamwagiki. Kwa nini? Kwa sababu magoti yake yanakunja na kukunjua, na mwili wa juu unabaki umetulia. Magoti yale ndiyo springi. Tena misuli yake huyazuia magoti yasirukeruke ovyo. Misuli ile ndiyo shokapu, ile pampu yenye mafuta ndani inayotuliza springi ikiisha kubonyea. Springi bila shokapu nzima ni mtoto anayeruka kitandani, hatulii.

Sasa mwambie mama yule atembee hali amechuchumaa nusu. Akikutana na shimo magoti yake hayana pa kukunjia tena, na pigo lote linakwenda mgongoni na kichwani. Hilo ndilo gari lililoshushwa. Kama gurudumu lilikuwa na nafasi ya kupanda sentimita 8 kabla ya chuma kugonga chuma, nawe umelishusha gari sentimita 4, umebakiwa na nusu ya nafasi. Wakati huohuo umepunguza nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na mawe. Magari madogo mengi huanza na sentimita 15 hivi tu. Toa 4, zinabaki 11. Kigongo cha njia yetu hakijali hesabu hizo.

Nilimwuliza kijana springi zake za chini alizinunua wapi. Akaniambia hakununua. Fundi mmoja wa mjini alizitoa springi za gari, akazikata kila moja mzunguko mmoja na nusu, akazirudisha. Hapo nikaona kosa lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani.

Watu wengi hufikiri springi ikikatwa huwa dhaifu. Sivyo. Mwaka 1678 mtaalamu wa Uingereza aitwaye Robert Hooke alichapisha kanuni ambayo mafundi wanaitumia hata leo: springi hubonyea kwa kadiri ya uzito inaoubeba. Kama kilo 50 zinaibonyeza sentimita 2, kilo 100 zitaibonyeza sentimita 4. Lakini kadiri hiyo inategemea pia idadi ya mizunguko, kwa kuwa kila mzunguko hubonyea kidogo. Springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi, ukiikata ikabaki na 6, inakuwa ngumu zaidi kwa theluthi moja. Kwa hiyo gari limekuwa fupi na gumu kwa pamoja. Shokapu, iliyotengenezwa kwa springi ya kwanza, haiwezi kuitawala hii ya pili, nayo hufa upesi. Tena ile ncha iliyokatwa haikai sawasawa kitini pake. Gurudumu likining'inia shimoni springi yaweza kulegea na kuhama mahali pake.

Wapo pia mafundi wanaoipasha springi moto mpaka ilegee ishuke. Waulizeni wahunzi wetu. Kisu kilichopikwa vizuri, ukikitia motoni tena na kukiacha kipoe chenyewe, kinakuwa laini na hakikati kitu. Springi nayo imepikwa kwa kipimo kiwandani. Ukiipasha moto umeiharibu, na hutajua itavunjika siku gani.

Je, kulishusha gari ni kosa siku zote? Hapana, na haki lazima isemwe. Gari lililo chini kidogo hushika barabara vizuri, kwa sababu uzito wake uko karibu na ardhi na halilali upande linapokata kona. Ndiyo maana magari ya mashindano ya lami yako chini. Viko viwanda vinavyotengeneza springi za namna hiyo kwa hesabu nzuri, kama Eibach cha Ujerumani kilichoanza mwaka 1951. Springi hizo zimetengenezwa kwa aina fulani ya gari, hushusha sentimita 2 au 3 au zaidi kidogo, na hutakiwa ziende na shokapu zinazolingana nazo. Mtu akaaye mjini, asiyetoka kwenye lami, mwenye kubeba watu wawili, anaweza kuzitumia bila madhara makubwa. Lakini kutoka Babati kwenda Katesh na Singida tuna lami, na ukiiacha tu barabara kuu ukashika njia ya kijijini kwako, mambo yanageuka. Gari lako litafanya kazi katika njia iliyo mbaya kuliko zote utakazopita. Lami ya Arusha haitakuja kukupokea kigangoni.

Sasa nije kwenye ule ushauri wa pili aliopewa, kulinyanyua gari. Huko nako kuna ugonjwa wake, na huku kwetu ndio ulioenea zaidi.

Mmeziona Noah na Probox zilizonyanyuliwa ili zipite matopeni na kubeba watu kumi au zaidi. Nyingine zimewekewa springi ndefu za gari jingine, nyingine zimetiwa vipande vya chuma au mpira mnene juu ya springi. Ni kweli kwamba hupita mahali ambapo gari la kijana wetu lilikwama. Lakini utazame mkokoteni. Magunia ya mahindi ukiyapanga chini, unapita kwenye mteremko salama. Ukiyapanga marefu kwenda juu, mkokoteni unapinduka kwenye kona ya kwanza. Gari ni vivyo hivyo. Ukilipandisha, umepandisha uzito wake, na ukijaza watu na mizigo juu ya paa, umeupandisha tena. Dereva aliyezoea kona ile kwa mwendo fulani anashangaa siku moja gari linalala upande na halirudi.

Si hilo tu. Gari likinyanyuliwa mno, mirija ya mpira ya breki huvutika. Vyuma vinavyozungusha magurudumu hufanya kazi katika pembe ambayo havikutengenezewa, na vikombe vyake vya mpira hupasuka, vumbi likaingia. Taa nazo huelekea machoni pa wenzako usiku. Tena magurudumu hayasimami wima sawasawa, na matairi huliwa upande mmoja.

Sisi wa parokia tuliwahi kuanguka katika mtego unaofanana na huo. Mwaka fulani tulikuwa tukijenga kigango, na gari letu la mizigo lilikuwa likibeba saruji. Springi zake za nyuma ni zile za vipande virefu vya chuma vilivyolaliana. Tuliongeza vipande viwili kila upande ili lisibonyee. Kwa saruji lilisimama vizuri. Lakini saruji ilipokwisha, gari lilirukaruka kama mbuzi likiwa tupu. Mama mmoja wa WAWATA aliyesafiri nalo alilala siku mbili kwa maumivu ya mgongo. Shokapu zote mbili za nyuma zilianza kuvuja, na baadaye nyufa zikaonekana kwenye kiungo kinachoshika springi. Nilipojumlisha risiti za mwaka ule, nikaona kwamba fedha tuliyodhani tumeiokoa kwa kubeba mifuko mingi kwa safari moja tulikuwa tumeilipa kwa mafundi, na zaidi. Kumbe springi ngumu haiongezi nguvu za breki, wala za ekseli, wala za matairi. Inaficha tu kwamba gari limezidiwa.

Wazee wetu watakumbuka yale mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika Peugeot 404, gari la kawaida la familia ambalo lilijulikana sana katika nchi zetu. Mwaka 1965 akashinda Joginder Singh na ndugu yake katika Volvo PV544 ambalo lilikuwa limekwisha kutumika. Magari hayo hayakuwa ya kutambaa chini, wala hayakuwa marefu kama mnara. Yalikuwa na nafasi ya kutosha chini, na magurudumu yenye nafasi ya kupanda na kushuka. Katika njia za Afrika Mashariki gari linalofika ndilo linaloshinda.

Basi nilimpa kijana wetu mpango huu, nanyi mnaweza kuukata na kuuweka ukutani.

Kwanza, piga hesabu ya kweli. Kwa mwezi mmoja, siku ngapi uko kwenye lami na siku ngapi kwenye vumbi na matope? Unabeba watu wangapi na mzigo gani? Jibu hilo ndilo lichague springi, wala si picha uliyoiona kwenye simu.

Pili, kabla ya kununua springi yoyote, kagua vilivyochakaa. Tazama kama shokapu zimelowa mafuta. Bonyeza pembe moja ya gari kwa nguvu kisha uiachie. Likiendelea kuyumba juu na chini mara kadhaa, shokapu imechoka. Mwambie fundi atazame bushi, viungo vya magurudumu na matairi. Mara nyingi mtu hudhani gari linataka springi mpya, kumbe linataka bushi na shokapu, na fedha yake inabaki.

Tatu, springi zikiwa zimelala kwa uzee, nunua zilizo sawa na za kiwandani kwa gari lako hasa, na ubadilishe zote mbili za mbele au zote mbili za nyuma kwa pamoja. Ukibadilisha upande mmoja tu, gari litakaa kama mtu mwenye kiatu kimoja.

Nne, ukihitaji kulipandisha kwa ajili ya njia, lipandishe kidogo, sentimita 2 au 3, kwa springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Usitumie vipande vya mbao wala chuma cha kuokota. Kisha mwambie fundi apime mirija ya breki magurudumu yakining'inia, arekebishe taa, na kuyapima magurudumu yasimame sawa. Wenye magari makubwa ya mashambani hupata springi kama Old Man Emu za Australia, zenye vipimo mbalimbali kwa mizigo mbalimbali. Hata hizo, chagua kwa mzigo unaoubeba kila siku.

Tano, usikubali springi ikatwe wala ipashwe moto, hata kama fundi ni shemeji yako.

Sita, usijaribu kutoa springi mwenyewe nyumbani bila kifaa cha kuibana. Springi iliyobanwa ina nguvu kama mtego uliotegwa. Ikifyatuka yaweza kumwua mtu au kumtoa jicho. Watoto wasisogee.

Saba, mwarifu wakala wako wa bima kabla ya kubadili kimo cha gari, usije ukanyimwa fidia siku ya ajali. Na ukumbuke kwamba hakuna springi inayohalalisha kuzidisha abiria.

Wengi wetu tunaweka picha ya Mtakatifu Kristofa mbele ya usukani, na ni desturi nzuri. Wazee husimulia kwamba alimvusha mtoto mtoni akimbeba mabegani, na mtoto akawa anaongezeka uzito kila hatua, mpaka yule mtu mwenye nguvu akadhani atazama. Hakujua kwamba alikuwa amembeba Bwana mwenyewe. Kristofa alijua kina cha mto wake, na alikuwa na fimbo imara na miguu imara. Tusimwombe atulinde huku tukiwa tumekata miguu ya gari letu kwa mikono yetu wenyewe.

Kijana wetu hakulinyanyua gari. Alizitupa zile springi zilizokatwa, akanunua nne mpya za kimo cha kiwandani na shokapu nne, na fundi akamfungia bamba la chuma chini ya sampu. Haikuwa rahisi kwake. Alikuwa ameweka akiba ya rimu za kung'aa, na fedha ile ndiyo iliyokwenda huko. Jumapili ya Pasaka alimleta mama yake Misani kwa gari lile, polepole, kwa njia ileile. Baba yake alishuka, akainama, akatazama chini ya bampa kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Karani, sasa kuku anapita."

Nawatakia juma jema. Na ninyi vijana mlio mijini, mtakapopanga safari ya kuja nyumbani, waulizeni wazazi wenu kwa simu njia ikoje mwaka huu. Watafurahi kuulizwa.

Ndimi karani wenu.